Ukoka wako hauijui kalenda ya Ulaya

Ikiwa unaishi Lokichar, Lodwar au Kakuma na una kipande cha ukoka mbele ya nyumba, hata kama kinatosha kutandika jamvi moja tu, makala haya ni yako. Ikiwa huna ukoka, yasome vilevile, kwani huenda una mbuzi.

Watu wa Nairobi na Kitale hucheka wanaposikia kwamba Turkana kuna watu wanaopanda ukoka. Kicheko chao kina sababu. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka mzima, ilhali Nairobi hupata karibu mara tano ya hizo. Lakini anayecheka hajawahi kufagia ua wa mchanga asubuhi, upepo ukaurudisha mchanga ule ule ndani ya nyumba kabla ya saa nne. Hajawahi kumwona mtoto akirukaruka kwa nyayo kwa kuwa ardhi ya saa saba mchana inachoma. Ukoka hushika mchanga, nao hupoza ua. Tangu mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia 1, mwezi Machi 2012, nyumba za wageni ziliongezeka Lokichar, na baadhi ya wenyewe wakataka kijani kidogo mlangoni. Majirani nao wakaomba vipande vya mizizi. Ndivyo dada yangu alivyopata ukoka wake, hatua nne kwa tano, yaani mita 20 za mraba hivi.

Sasa nikuungamie kosa langu.

Ilikuwa Oktoba 2023. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo, na ukoka wa dada yangu ulikuwa umebaki nyuzi za kijivu. Mimi nilikuwa nimesoma katika jarida moja la bustani kutoka ng'ambo kwamba mwezi wa Oktoba ndio mwezi wa kuulisha ukoka nitrojeni. Basi nikiwa njiani kwenda kumtembelea nikashuka Kitale, nikanunua urea kilo kumi, nikafika Lokichar kama mtu aliyebeba zawadi ya maana. Mchana wake, jua likiwa utosini, nikaimwaga kwa kiganja kama mtu anayelisha kuku. Iliyosalia nikaiacha ndani ya beseni barazani.

Mvua haikunyesha siku ile, wala juma lile. Ukoka ukageuka rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Hilo lingevumilika. Lakini jioni ya siku ya pili, mbuzi wa jirani walipokuwa wakirudi, watatu waliingia uani wakaikuta beseni. Ile chembechembe nyeupe ina ladha ya chumvi, na mbuzi wa Turkana hapiti chumvi. Kabla ya chakula cha usiku wawili walikuwa wamekufa, matumbo yamevimba, baada ya kutetemeka na kutoa povu. Wa tatu aliokoka, na nitakueleza baadaye ni kwa nini.

Mwenye mbuzi alikuwa mama mzee ambaye sisi sote humwita Ata, yaani nyanya. Nilikwenda kwake asubuhi pamoja na mpwa wangu ili anitafsirie.

"Ejoka, Ata," nikamsalimu.

"Ejok," akajibu, lakini hakunikaribisha kuketi.

Nikamweleza kwamba ile ilikuwa dawa ya nyasi. Akauliza imetengenezwa kwa nini. Nikatafuta maneno, kisha nikasema ni kitu kile kile kilichomo ndani ya mkojo, ila watu wa kiwandani wamekikausha. Akanitazama muda mrefu. "Kwa hiyo umekwenda hadi Kitale," mpwa wangu akatafsiri, akijaribu kutocheka, "ukanunua mkojo, nami ninao zizi zima."

Mbuzi wawili niliwalipa. Mmoja wao alikuwa akikamuliwa kwa ajili ya wajukuu, kwa hivyo msidhani kwamba malipo yaliwarudishia watoto maziwa siku ile ile.

Ata alikuwa amesema kweli tupu. Urea ni kitu cha mkojo. Mjerumani Friedrich Wöhler ndiye aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza bila mkojo wa kiumbe chochote, mwaka 1828. Katika kila kilo 100 za urea mna kilo 46 za nitrojeni. CAN ina kilo 26 hivi. Samadi ya mbuzi iliyokauka huwa na kilo moja hadi tatu tu, kutegemea ilivyotunzwa. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 yake ni nitrojeni, lakini ukoka hauwezi kuila ikiwa hewani. Ni lazima iwe imeyeyuka katika maji ya udongo. Shika neno hilo, maji, kwani ndilo lililonishinda.

Nilikosea wapi?

Kwanza kalenda. Katika nchi za baridi kuna majira ambapo majani ya miti hupukutika kabla ya theluji. Kamusi zetu huyaita vuli, na vuli hiyo hiyo ndiyo mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba kwa watu wa Pwani. Neno moja, mambo mawili! Huko kwao wana nyasi zinazopenda ubaridi. Kunapokuwa baridi majani hupunguza kukua ilhali mizizi bado inakula, kwa hivyo nitrojeni ya wakati huo huwekwa akiba, na nyasi huamka mapema zikiwa kijani. Sisi ukoka wetu si jamii hiyo. Ni nyasi ya joto, ile ambayo Wamarekani huiita kwa jina la kisiwa cha Bermuda. Hata huko Marekani kwenyewe wenye ukoka wa namna hii hukatazwa kuulisha nitrojeni baridi inapokaribia. Nilikuwa nimesoma ushauri wa nyasi nyingine kabisa.

Lokichar hakuna theluji. Hapa usingizi wa nyasi huletwa na kiangazi, ambacho Waturkana hukiita akamu, na kuamka huletwa na masika, yaani akiporo, ambayo mvua yake kubwa huwa mwezi Aprili hivi. Mvua ya Novemba huwa ndogo, na miaka mingine haiji. Ukoka ulio kiangazini haujafa. Umejificha katika vishina vyake chini ya mchanga. Ukiulisha wakati huo unaulazimisha kutoa majani laini yanayodai maji, nawe maji huna. Piga hesabu. Ili mita 20 za mraba zibaki kijani katika joto letu, zinahitaji angalau milimita tano za maji kwa siku. Hizo ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita ishirini. Mtungi mmoja tu wa kununua au wa kupangia foleni kisimani una thamani gani nyumbani kwako? Mimi naona ni aibu kumwagia nyasi maji ambayo jirani hana, na simwonei haya anayekataa kusema hivyo. Kwa hivyo kiangazi kikifika, acha ukoka ulale. Vumbi kidogo vumilia.

Pili, jua na kipimo. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wa moto, hasa udongo wenye magadi kama wetu, hugeuka kuwa amonia na kupaa ndani ya siku chache. Ni ile harufu inayokuwasha macho ukiinama ndani ya zizi. Kwa hiyo sehemu ya fedha zangu ilipaa. Iliyobaki iliunguza mizizi, kwa sababu nilimwaga kilo mbili hivi mahali palipohitaji gramu 220 tu. Mara tisa! Na maji ya visima vyetu vingi tayari yana chumvi, kwa hivyo unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Zizi la zamani

Baada ya majuma mawili hivi Ata alinipelekea ujumbe kwamba niende na wilbaro. Alinionyesha mahali palipokuwa na zizi la mbuzi miaka mingi iliyopita. Hapakuwa tena na zizi. Palikuwa na kichaka cha migunga, ile ambayo wenyewe huiita ewoi, yote ya kimo kinacholingana, imejikusanya karibu katika duara.

Wataalamu walikwisha kuyaandika haya, tena kuhusu kusini mwa Turkana hasa. Robin Reid na James Ellis walieleza mwaka 1995 jinsi mbuzi wanavyokula maganda ya migunga, mbegu zikapita tumboni, zikaangukia zizini. Watu wanapohama, ile samadi hushika maji na kulisha miche, na msitu mdogo huota palepale. Kwa miaka mingi wafugaji walikuwa wamelaumiwa kwamba wao na mbuzi wao ndio wanaoleta jangwa. Ningependa waliosema hivyo wapelekwe pale kwa Ata wakae chini ya kivuli.

Samadi ya mahali kama hapo imekwisha kupoa. Haiunguzi. Chimba, ponda kwa jembe, pitisha katika chekeche. Lakini jihadhari na mbegu! Siku hizi mbuzi hula maganda ya mathenge kuliko ya migunga, na mathenge akiota ndani ya ukoka atakutoboa miguu kwa miaka. Rundika samadi, ilowanishe kidogo kwa maji uliyooshea vyombo, iache juma moja au mawili. Mbegu nyingi zitachipuka rundoni, nawe utaipindua na kuziua. Itakayokuponyoka ing'oe ikiwa ina majani mawili, kabla mzizi haujazama.

Kisha subiri wakati. Samadi huwekwa kabla ya mvua, mwezi Machi wingu linapoanza kukusanyika, kwa sababu huchukua muda kuoza na kutoa chakula. Mita 20 za mraba zinatosheka na madebe mawili. Ukitandaza itakuwa na unene wa sarafu tu. Utaona ni kidogo mno, na utataka kuongeza. Usiongeze.

Mbolea ya dukani ni kinyume chake. Hiyo iwekwe baada ya mvua, tena si ya kwanza. Hapa Kenya, pale Muguga karibu na Nairobi, mtafiti H. F. Birch alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka sana ukilowa mara ya kwanza, vijidudu vyake huamka na kutoa nitrojeni nyingi kwa ghafla. Wanasayansi wa dunia nzima mpaka leo huita jambo hilo kwa jina lake. Basi mvua ya kwanza inakuja na chakula chake yenyewe. Aidha, mvua ya kwanza Turkana ni mvua ya mafuriko, na ulichomwaga asubuhi kitakuwa lagani saa sita. Subiri ukoka utoe majani mapya, subiri mvua ya pili au ya tatu, kisha jioni, udongo ukiwa bado umelowa, nyunyiza CAN isiyozidi gramu 400 kwa kipande kama cha dada yangu, au urea isiyotimia robo kilo, na uimwagie maji palepale izame. Mara moja tu kwa masika. Novemba, kama mvua ndogo imekuja kweli na wala si kwa uvumi, debe moja la samadi linatosha. Ukiniuliza mimi, aliye na zizi karibu hana haja ya gunia hata kidogo.

Dada yangu alifanya hivyo masika ya 2024. Ukoka ulirudi, si wote, kona ya karibu na baraza ambako nilimwaga zaidi ilibaki kipara hadi mwaka uliofuata.

Mbuzi akilamba urea

Nimalizie na yule mbuzi wa tatu. Tumbo la mbuzi, ng'ombe na kondoo lina vijidudu vinavyogeuza urea kuwa amonia kwa haraka, na ikizidi huingia damuni. Vijiko vichache humwua mbuzi asiyeizoea, mara nyingine kwa muda usiofika saa mbili. Utamwona anatetemeka, anatoa mate, anapumua kwa shida, tumbo linajaa. Mpwa wangu alimpigia simu afisa wa mifugo, naye akauliza kama tuna siki. Kwa bahati ilikuwepo chupa ya kachumbari. Mbuzi mkubwa hunyweshwa siki nusu lita hadi lita moja pamoja na maji baridi, polepole, kichwa kisiinuliwe sana asije akapaliwa. Siki huizuia amonia isipenye damuni kwa urahisi. Ikiwa ameanguka na hawezi kumeza, usimlazimishe. Wale wawili walikuwa wamefika hapo. Urea ikae juu, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na hata ile ya shambani usiinyunyize mahali ambapo mbuzi watapita kabla haijazama. Ndoo iliyochanganyiwa urea usiiache wazi, maji yake ni hatari kuliko chembe zenyewe. Chupa ya siki siku hizi kwa dada yangu hukaa nyuma ya mlango wa jikoni, na Ata anajua ilipo.