Panya katika Banda la Fundi

Fundi seremala hufunga banda lake lililo nyuma ya nyumba wakati wa jioni, na asubuhi hukuta mpini wa nyundo umegugunwa, mfuko wa gundi umetobolewa, na msasa umeraruliwa ukafanywa kiota ndani ya kisanduku cha misumari. Kwa hasira huenda dukani kununua sumu. Juma lile hufa panya watatu au wanne, naye hufurahi. Lakini haupiti muda mrefu kabla ya mambo kurudi kama yalivyokuwa. Kosa si la sumu. Kosa ni kwamba fundi huyo alianza kazi kwa mwisho wake.

Watu wengi hudhani ya kuwa panya huguguna mbao kwa njaa au kwa uharibifu tu. Sivyo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na katika mwaka mmoja huweza kuongezeka zaidi ya sentimita 10, hivyo hana budi kuguguna ili yasizidi kimo. Mbao, ngozi, plastiki na hata risasi laini havimshindi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni waya wa umeme uliovuliwa ngozi yake na panya, kwa maana katika banda lililojaa maranda makavu cheche moja yatosha kuteketeza mali yote ya fundi, pengine na nyumba iliyo karibu.

Tena panya huzaa upesi mno. Jike wa panya wa nyumbani hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu hivi. Yule panya wa shamba ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis ana chuchu zipatazo 24, nazo hazikai bure. Mwenye kuua panya wanne na kuacha chakula na maficho mahali pake amewapa nafasi wale waliobaki.

Basi kazi ya kwanza ni kuwanyima chakula na malazi. Maranda yazolewe kila jioni. Mbao zisilundikwe chini wala kuegemezwa ukutani, bali ziwekwe juu ya vigingi, sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, ili paka apate kupita chini yake na ufagio pia. Wengi huweka chakula cha kuku katika banda la kazi, kisha hushangaa kuona panya. Chakula hicho kitiwe ndani ya debe lenye kifuniko cha kubana. Makombo ya ugali wa mchana nayo yasiachwe juu ya meza ya kazi.

Kazi ya pili ni kuziba matundu. Panya mdogo hupita katika tundu lenye upana wa penseli, na panya mkubwa hahitaji zaidi ya upana wa kidole gumba. Udongo mtupu haufai, maana huufukua usiku ule ule. Tundu lijazwe waya wa kusugulia sufuria, kisha lizibwe kwa saruji. Chini ya mlango upigiliwe ukanda wa bati lililokatwa kutoka debe kuukuu, na uwazi ulio kati ya ukuta na paa uzibwe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Mwenye ghala la mahindi lililosimama juu ya nguzo azivike nguzo hizo mabati yenye umbo la faneli iliyopinduliwa, kiasi cha mita moja kutoka chini. Ghala lisiwe karibu na mti wala ukuta, maana panya ni hodari wa kuruka.

Baada ya hayo ndipo hutegwa mitego. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Hupita kando ya ukuta, na njia yake hujulikana kwa mavi yake na weusi wa mafuta ya mwili wake. Mtego uwekwe hapo, upande wa chambo ukielekea ukuta. Tena panya huogopa kila kitu kigeni. Kwa sababu hiyo yafaa mitego iwekwe siku tatu au nne ikiwa na chambo bila kutegwa, mpaka wazoee kula, ndipo itegwe yote kwa usiku mmoja.

Sumu iwe ya mwisho. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa huko Marekani sumu iitwayo warfarin, ambayo huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku kadhaa, na wenzake hawatambui sababu. Hata hivyo, mwaka 1958 walionekana huko Scotland panya wasiodhurika nayo. Sumu za namna hii humdhuru pia mtoto, mbwa, kuku na paka aliyekula panya mwenye sumu. Ile inayotembezwa barabarani katika vikaratasi visivyo na maandishi isinunuliwe kabisa. Mtoto akila sumu, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti yake, ili daktari ajue ni sumu gani.

Kuna jambo moja ambalo hugeuza utaratibu huu wote. Mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi ya kuwa ugonjwa wa tauni huletwa kwa watu na viroboto wa panya. Nairobi iliupata ugonjwa huo mwaka 1902, hata soko la Wahindi likachomwa moto, na katika Lushoto, Tanzania, uliwasumbua watu kwa miaka mingi tangu 1980. Panya akifa, viroboto humwacha na kumtafuta mwenye damu ya moto. Basi wakionekana panya wengi waliokufa bila kutegwa wala kupewa sumu, wasiguswe kwa mkono, wala wengine wasiuawe kwanza. Habari ipelekwe kwa afisa wa afya, ili viroboto wauawe kabla ya panya.

Hata pasipo tauni, mavi ya panya yasifagiliwe yakiwa makavu, kwa kuwa vumbi lake huingia kifuani. Yanyunyiziwe maji yenye dawa ya kuua vijidudu, yaachwe kitambo, kisha yapanguswe kwa kitambaa, na mwenye kazi avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mzoga nao uzikwe shimoni. Usiku wa siku ile majivu membamba yatandazwe sakafuni kando ya kuta. Asubuhi nyayo zitaonyesha tundu lililosahauliwa.