Silaha za Marekani Ukraine: Nani anazihesabu?

Januari 2024, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alitoa ripoti iliyowashtua wengi: silaha za zaidi ya dola bilioni 1 zilizopelekwa Ukraine hazikuwa zimehakikiwa kwa wakati. Kundi zima lililokaguliwa lilikuwa la karibu dola bilioni 1.7.

Mitandaoni habari ikageuka fasta: "zimeibwa". Ripoti haikusema hivyo. Wakaguzi walieleza wazi kwamba kuchunguza kama kuna silaha zilizochepushwa hakukuwa sehemu ya kazi yao. Walichokuta ni daftari lisilo sawa.

Si kila risasi inafuatiliwa hivyo. Kinachobanwa zaidi ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvibeba begani au kuvificha kwenye buti la gari: makombora ya Javelin ya kupiga vifaru, Stinger za kutungulia ndege, miwani ya kuonea usiku. Stinger moja tu ikiangukia mikono mibaya, ndege ya abiria iko hatarini. Kwa hiyo kila kimoja kina namba yake, na kwa utaratibu wa kawaida maofisa wa Marekani wanatakiwa kuzihakiki namba hizo zote, moja baada ya nyingine, kila mwaka.

Sasa jaribu kufanya hivyo vitani. Kombora lililokuwa ghalani Jumatatu, Alhamisi limesharushwa. Maofisa wenyewe ni wachache, na karibu na mstari wa mbele hawafiki. Ndiyo maana Desemba 2022 utaratibu ulibadilishwa: wanajeshi wa Ukraine wakapewa mashine za kuskani namba, watume taarifa wenyewe.

Yaani anayepokea mzigo ndiye anayejihesabia. Mhasibu yeyote angekuna kichwa, lakini bila hivyo maghala ya karibu na mapigano yasingehesabiwa kabisa.

Upande wa fedha kulikuwa na unafuu kidogo. Sehemu ya msaada wa bajeti ilipitia mradi wa Benki ya Dunia uitwao PEACE. Serikali ya Ukraine ililipa kwanza mishahara ya walimu, zimamoto na watumishi wengine, ikapeleka hesabu, ndipo ikarudishiwa. Wa kuogopwa hapo walikuwa wafanyakazi hewa, na hao angalau waliweza kusakwa kwenye orodha.

Aliyeongoza uratibu wa ukaguzi wa misaada hiyo ni Robert Storch, mkaguzi mkuu wa Pentagon. Januari 24, 2025, Rais Donald Trump alimfuta kazi pamoja na wakaguzi wakuu wengine zaidi ya 10. Sheria inataka Bunge la Marekani lijulishwe siku 30 kabla, na halikujulishwa. Septemba mwaka huo, jaji mmoja wa Washington alisema sheria ilivunjwa, lakini akakataa kuwarudisha kazini.