Gumegume Huota Ndani ya Tope

Tukiona matabaka kwenye ukingo wa korongo, tunajua maji yaliyalaza hapo, moja juu ya jingine. Lakini si kila umbo lililomo katika miamba ya mashapo ni kazi ya siku ile ya kutua. Mabonge, nyufa na mikunjo mingi hutokea baadaye, tope likiwa limekwisha kufukiwa.

Zaidi ya nusu ya ujazo wa tope bichi huwa ni maji. Uzito wa matabaka mapya huyakamua, nayo hupenya kati ya chembe, yakiyeyusha madini hapa na kuyaacha pale. Madini yakiganda mahali pamoja, bonge gumu huota ndani ya tope ambalo bado ni laini.

Kusini mwa Kenya, Ziwa Magadi lina mfano maarufu. Maji ya magadi makali huyeyusha silika nyingi kuliko maji ya mto. Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster alieleza madini meupe aliyoyakuta katika mashapo ya ziwa hilo, laini kama unga uliokandwa, yenye sodiamu, silika na maji. Aliyaita magadiaiti. Maji yasiyo na chumvi yakiyapitia kwa muda mrefu, huichukua sodiamu na kubakiza silika, ambayo hugeuka gumegume. Kwa kupungukiwa hivyo, jiwe hunywea, na uso wake hupata nyufa zinazokatana.

Mtazamaji atajuaje lililotangulia, bonge kuganda au tope kushindiliwa? Atazame mistari ya tope kandokando ya bonge. Ikiwa imepinda kulizunguka, bonge lilikuwa gumu kabla tope halijamaliza kushindiliwa. Ikiwa inapenya ndani yake bila kupinda, bonge lilikuja baada ya mshindilio.

Huko Olduvai, Tanzania, mabonge ya gumegume yaliota katika tope la ziwa la kale la chumvi na magadi. Ziwa liliponywea yakabaki wazi, na watengeneza zana wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita wakayaokota na kuyachonga; maji yalipopanda tena, yakafunikwa. Ndiyo maana zana za gumegume hupatikana humo hasa katika sehemu fupi ya matabaka. Zikiadimika juu yake, mtafiti asikimbilie kusema ufundi ulipotea: huenda ni jiwe lenyewe lililokuwa halifikiki.