Umri wa Tai: Namna ya Kutambua Miaka ya Tai Kuukuu katika Mitumba ya Rongai

Utangulizi

Rongai inayozungumziwa hapa ni mji mdogo ulio magharibi mwa Nakuru, kwenye njia ya reli iendayo Eldoret. Si Ongata Rongai ya Kajiado, ambayo aghalabu huchanganywa nayo. Katika soko la mji kama huu, tai huwa miongoni mwa bidhaa zinazoheshimiwa kidogo kabisa. Hufungwa pamoja kama kamba au kutupwa chini ya mashati. Mnunuzi wake wa kawaida ni mwalimu, mhubiri, au kijana aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi. Hata hivyo, katika lundo hilo yamkini mna tai iliyoshonwa miaka sitini iliyopita, nayo huuzwa sawa na ya juzi kwa sababu hakuna aliyeitambua. Makala haya yanakusudia kueleza namna umri wa tai unavyoweza kukadiriwa, na kuonyesha kwamba kazi hiyo haiko mbali na kazi ya mwanafunzi wa lugha.

Neno na kitu

Neno mtumba si geni. Kabla ya kuhusishwa na nguo zilizovaliwa, lilikuwa na maana ya furushi au robota, na hasa mzigo wa nguo uliobebwa na wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Maana imehama kutoka kifungashio hadi kilichofungashwa. Tanzania iliwahi kuwa na jina kali zaidi, kafa ulaya, yaani nguo za mzungu aliyekufa. Wauzaji wa Kenya nao wana msamiati wao: kamera ni nguo bora zinazochaguliwa mwanzo robota linapofunguliwa, na fagia ni masalio. Tai kuukuu nyingi huangukia katika fagia.

Neno tai lenyewe, lililotoholewa kutoka Kiingereza, linashiriki umbo na jina la ndege. Upatanisho wa kisarufi ndio unaoyatenganisha: tai zimeanguka, lakini tai wameanguka.

Vazi hili halikosi uzito wa kisiasa. Nchini Zaire, serikali ya Mobutu ilipiga vita suti na tai tangu 1972 na kuhimiza vazi la abacost, hadi mwaka 1990 tai iliporuhusiwa tena. Nchini Kenya, mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni na kusisitiza mavazi rasmi, tai ikiwemo.

Ushahidi wa kwanza: upana

Upana hupimwa mahali ncha kubwa inapofikia kilele chake cha utanuzi. Tai za miaka ya 1940 zilikuwa pana, takriban sentimita 10 au 11, na fupi kuliko za leo. Katika miaka ya 1950 zilianza kupungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyingi zilifikia sentimita 5 hivi. Katikati ya muongo huo upepo uligeuka. Jijini London, Michael Fish alivumisha tai pana mno. Nchini Marekani, Ralph Lauren alianza biashara yake mwaka 1967 kwa kuuza tai pana. Miaka ya 1970 ikawa ya tai za sentimita 10 hadi 12. Nyembamba zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 ikaleta tena upana wa karibu sentimita 10, kwa hariri yenye rangi nyingi.

Udhaifu wa kigezo hiki u wazi: mitindo hurudi. Tai ya sentimita 5 yaweza kuwa ya 1962, ya 1983 au ya 2010. Kwa hivyo upana hupendekeza, hauamui.

Ushahidi wa pili: mshono na kitambaa

Katika miaka ya 1920, Jesse Langsdorf wa New York alianzisha namna ya kukata kitambaa cha tai mshazari na kukiunga kwa vipande vitatu. Ndiyo maana tai hunyooka tena baada ya kufunguliwa. Tai isiyokatwa hivyo yaweza kuwa ya kale zaidi, au kazi ya fundi aliyebana kitambaa.

Kitambaa nacho huweka mpaka. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na kuenea katika mavazi kuanzia miaka ya 1950; tai ya poliesta haiwezi basi kuwa ya kabla ya vita hivyo. Pasipo lebo, uzi mmoja uchomolewe kwenye mshono wa ndani na kuchomwa. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Ushahidi wa tatu: lebo

Lebo ndiyo shahidi mwaminifu kuliko wote. Sheria ya Marekani ya kutaja aina ya nyuzi katika nguo ilipitishwa mwaka 1958 na kuanza kutumika mwaka 1960; tai ya Marekani inayotaja nyuzi zake kwa asilimia aghalabu ni ya baada ya hapo. Lebo ya St Michael ilikuwa ya maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza tangu 1928 hadi ilipoachwa mwaka 2000. Inayosema imetengenezwa Ujerumani Magharibi iko kati ya 1949 na 1990.

Kanuni inayotawala ushahidi huu inafahamika kwa wahakiki wa fasihi. Shairi linalotaja reli iliyofika Kisumu haliwezi kuwa limetungwa kabla ya 1901, hata kama lugha yake ni ya kale. Vivyo hivyo, sehemu changa kuliko zote katika tai ndiyo inayoweka mpaka wa umri wake. Tai nyembamba yenye lebo ya St Michael na kitambaa cha poliesta si ya 1935, hata ionekane kuukuu vipi.

Tarehe ya pili

Tai ya mtumba ina tarehe mbili: ya kushonwa na ya kuwasili. Biashara ya mitumba ilipanuka Kenya baada ya soko kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku viwanda vya nguo vya nchini vikidhoofika. Mwaka 2020 uagizaji ulisimamishwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona. Lakini si kila tai kuukuu imekuja kwa robota. Eneo la Rongai lilikuwa na mashamba ya walowezi, na wenyeji wake wenyewe wamevaa tai kwa vizazi kadhaa. Nyingine zimetoka katika masanduku ya jirani.

Hitimisho

Lebo inaponyofolewa ili tai ionekane mpya, au tai inapokatwa kuwa tambara, ushahidi hupotea kabisa. Mkusanyaji anapaswa kuiacha lebo mahali pake, kupima upana na urefu, na kuandika siku na mahali alipoinunua. Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa ziada. Ncha, mkia, kitanzi cha nyuma na bitana vina majina katika vinywa vya wauzaji na mafundi wa Rongai. Majina hayo yakikusanywa sasa, muuzaji ataweza kueleza kwa lugha yake kwa nini tai moja katika fungu lake inastahili bei kuliko nyingine, na faida ya ujuzi huo haitabaki kwa mnunuzi wa mbali peke yake.