KASWIDA KWA WASIOSOMA NOTA: SAUTI YA MAZOEZI TUIPATE WAPI?

  



Kila unapokaribia mwezi wa Mfungo Sita, na kila zinapokaribia siku za mahafali, vikundi vya kaswida vya madrasa huanza kutafuta kaswida mpya. Swali la kwanza huwa ni lile lile: sauti yake tuipate wapi? Maneno yamo kitabuni, lakini mahadhi hayamo. Wanafunzi hawasomi nota, na mara nyingi mwalimu naye hasomi. Basi hutafutwa CD, au hufunguliwa YouTube, kikundi kikaketi mbele ya spika. Baada ya wiki mbili kaswida hutoka ikifanana kwa mbali na ile iliyosikilizwa, maneno yamepinda na watoto wamekauka makoo.

Makala haya yanaeleza kuwa kutojua nota si kasoro kubwa kama tunavyodhani, na kwamba sauti bora ya mazoezi ni ile tunayoirekodi wenyewe kutoka kwa mwalimu anayeijua kaswida.

NOTA NI NINI, NA ZINATUSAIDIA KIASI GANI?

Nota ni alama za kuandikia sauti. Ziko zile zinazoandikwa juu ya mistari mitano, na ziko za herufi, maarufu kwa jina la solfa, ambazo zilienea Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari. Ndiyo maana kwaya nyingi za makanisani huwa na karatasi zenye herufi za do, re, mi.

Alama hizo zina faida yake, lakini kwetu zina upungufu. Kaswida nyingi hufuata maqamu za Kiarabu, zile zile mnazozisikia kwa wasomaji wa Qur'ani: Bayati, Rasti, Hijazi, Saba, Sika, Nahawandi na Jiharka. Katika Bayati, Rasti na Sika mna sauti iliyo katikati ya sauti mbili za kinanda cha kawaida. Ukiitafuta kwenye kinanda huioni, kwa sababu haina kitufe chake. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo, Misri, katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na moja ya mambo waliyojadiliana ni namna ya kuzipima na kuziandika sauti hizo. Hadi leo mwenye kusoma nota bado humhitaji mwalimu amsikilizishe.

WALIVYOJIFUNZA WALIOTUTANGULIA

Imam al-Busiri wa Misri alitunga Burda na Hamziyya katika karne ya 13. Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina aliandika Maulidi yake katika karne ya 18. Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, aliandika Simtud Durar, maulidi yanayosomwa Lamu katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Vitabu hivyo vilifika pwani yetu vikiwa na maneno matupu. Mahadhi yalikuja vifuani mwa watu.

Mwalimu alisoma mshororo mmoja, wanafunzi wakaurudia. Aliyekosea alisahihishwa pale pale. Ndiyo njia tunayosomea Qur'ani, kuipokea kutoka kinywani mwa mwalimu. Njia hii ina mambo matatu ambayo spika haina: mwalimu huenda polepole, hurudia panapohitajika, na husikia kosa la mwanafunzi. CD haimsikii mtu.

KASWIDA ILIYOTENGENEZWA SI YA MAZOEZI

Kaswida ya studio imetengenezwa ili isikilizwe. Sauti nyingi zimepangwa pamoja, dufu linapiga, pengine kinanda kimetiwa, na mwangwi umeongezwa. Mtoto anayejifunza hajui ashike sauti ipi. Zile kanda za kaseti zilizoenea miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na tatizo jingine. Betri za redio zikichoka, kanda huenda taratibu na sauti yote hushuka, na kikundi kilichojifunza kwa kanda hiyo kikaanza chini kuliko wenyewe.

Hata hivyo kaswida hizi tusizitupe. Tuzisikilize ili kujua kaswida inakwendaje kwa jumla, nani anaongoza na kiitikio kinaingia wapi. Mazoezi yenyewe yafanywe kwa sauti nyingine.

MATAMSHI KWANZA, MAHADHI BAADAYE

Hapa ndipo penye jambo zito. Kaswida ni maneno ya kumsifu Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.). Herufi ikibadilika, maana hubadilika. Neno "qalb" kwa qaf ni moyo, lakini "kalb" kwa kaf ni mbwa. Neno "aliim" kwa ain ni mjuzi, nalo kwa hamza ni chenye kuumiza. "Khalaqa" kwa kha ni ameumba, ilhali kwa ha ya kooni ni amenyoa. Mtoto aliyejifunza kwa spika inayokwaruza hawezi kutofautisha hayo, na akishakariri kosa kwa mahadhi matamu, kulitoa ni kazi ngumu.

Kwa hiyo ubeti usomwe kwanza bila mahadhi, kama somo la kawaida, na maana yake ielezwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayejua anachokisema hutamka vizuri zaidi.

JINSI YA KUREKODI SAUTI YA MAZOEZI

Simu ya kawaida yenye kinasa sauti inatosha. Mwalimu afuate utaratibu huu:

1. Achague chumba kidogo chenye mikeka au mapazia. Ukumbi mtupu wa saruji huleta mwangwi. Feni izimwe, na simu iwe umbali wa kama dhiraa moja kutoka mdomoni.

2. Sehemu ya kwanza: asome maneno ya ubeti polepole bila mahadhi.

3. Sehemu ya pili: aimbe mshororo mmoja, anyamaze kwa muda unaotosha mwanafunzi kuurudia, kisha auimbe tena. Afanye hivyo kwa kila mshororo.

4. Sehemu ya tatu: aimbe ubeti mzima bila kukatisha, akionyesha mahali pa kuvuta pumzi.

5. Sehemu ya nne: kiitikio peke yake, kwa ajili ya waitikiaji.

6. Dufu lisiingie katika sehemu hizi. Wanafunzi wakishashika mahadhi, irekodiwe mara moja pamoja na dufu, kwa madrasa zinazolitumia.

Kila ubeti uwe na rekodi yake fupi, na ipewe jina, kwa mfano "ubeti wa 3, kiitikio". Rekodi ndefu ya nusu saa humchosha mtoto, na mzazi hashiki ni wapi pa kurudia.

Sauti ya kuanzia ichaguliwe kwa kuwaangalia watoto. Sauti ya mtoto iko juu kuliko ya mwanamume mtu mzima. Kipimo chepesi ni kuanza na mshororo unaopanda juu kuliko yote. Ikiwa wadogo wanaufikia bila kukaza shingo, hapo ndipo pake. Wavulana wanaobaleghe, ambao sauti zao zinavunjika, wasilazimishwe kupanda. Wapewe kuitikia kwa sauti ya chini mpaka zitulie.

MIZANI NI UFUNGUO

Yapo maarifa ya kale yanayoweza kutupunguzia kazi. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, ndiye aliyeweka misingi ya elimu ya bahari za mashairi ya Kiarabu. Burda iko katika bahari ya Basit. Kwa hiyo mahadhi yanayoifaa Burda huweza kubeba kaswida nyingine ya Basit, na walimu wa zamani walilitumia sana jambo hilo.

Kiswahili nacho kina mizani yake. Utenzi wa kawaida una mizani 8 kwa kila kipande, kama ule Mwana Kupona binti Msham alioutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake. Ukiyashika vizuri mahadhi mamoja ya utenzi, umepata pa kuanzia kwa tenzi nyingine zenye mizani hiyo. Shairi la tarbia, lenye mizani 16 kwa mshororo, lina mahadhi yake. Basi mwalimu akiletewa maneno mapya asikimbilie kutafuta sauti mbali. Ahesabu mizani kwanza, kisha aangalie ni mahadhi gani ambayo wanafunzi wake wanayajua tayari.

Faida nyingine ya kufanya hivi ni kwamba hatutalazimika kuchukua mahadhi ya nyimbo za starehe na kuyavisha maneno ya dini. Msikilizaji akisikia mahadhi hayo, moyo wake huenda kwenye wimbo wa kwanza, si kwenye maneno tunayoyasema.

HAKI ZA WENZETU

Maneno ya Burda hayana mwenye kuyadai leo. Lakini kaswida mpya, na rekodi iliyofanywa na kikundi fulani, zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Mbali na sheria, amana ni sehemu ya dini yetu. Tukitaka kusoma kaswida ya madrasa nyingine, tuombe idhini na tuwataje wenyewe siku ya shughuli. Mara nyingi wenye kaswida hufurahi, na mwalimu wao hukubali kuturekodia mwenyewe.

WAZEE WETU NDIO MAKTABA

Katika mitaa yetu wapo wazee wenye mahadhi ambayo hayamo katika CD wala intaneti: namna ya zamani ya kusoma Barzanji, viitikio vya arusi, kaswida za kuwapokea mahujaji. Mzee akifariki, na mahadhi yake hufuatana naye. Maneno tutabaki nayo kitabuni, wala hatutajua yalikuwa yakisomwaje.

Wanafunzi wa darasa la juu wanaweza kuifanya kazi hii wakati wa likizo. Waende kwa adabu, waombe ruhusa, wamrekodi mzee au bibi akisoma kwa utulivu. Mwanzoni mwa rekodi wataje jina lake, mahali, tarehe, na alijifunza kwa nani. Tunaijali sanadi katika elimu zetu. Tuijali na hapa. Kisha nakala ziwekwe pahala pawili, madrasani na kwa familia ya mzee, kwani simu hupotea na kadi huharibika.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Si kila nyumba ina simu ya kisasa. Rekodi inaweza kutiwa kwenye memori kadi au flashi ikasikilizwa katika redio ndogo. Dakika 10 kila siku baada ya Magharibi zina faida kuliko saa 2 za Jumapili. Na mzazi akisikia neno asiloelewa, amuulize mtoto maana yake. Mtoto akishindwa kujibu, swali hilo alilete kwa mwalimu.

Mwisho, kila kikundi kifuate maelekezo ya walimu wake kuhusu dufu na mengineyo ambayo wanazuoni wamekhitalifiana. Lakini katika kulitamka neno sawasawa hakuna khitilafu. Tumwombe Mwenyezi Mungu azisafishe ndimi zetu na nyoyo zetu, awape umri wenye baraka wazee wetu, na awarehemu waliotufundisha wakatangulia. Aamin.