Kabla ya Kuitoa Pampu Kisimani

Mzee mmoja wa Goba alinipigia simu alfajiri: "Fundi, pampu imekufa. Njoo na nyingine." Nilikwenda bila pampu. Ukiwasha, ilikuwa inaunguruma sekunde chache, kisha inakata. Nikazima umeme, nikafungua boksi la kuwashia lililopigwa ukutani, nikakuta kapasita imevimba kama kopo la nyanya lililoharibika. Tulifunga nyingine, maji yakapanda tankini. Pampu yenyewe, mita 60 chini ya miguu yetu, haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo taabu ya kisima kirefu: mgonjwa haonekani, na kumtoa ni kazi ya watu watatu na bomba zima kulala uani. Kwa hiyo mimi huanza na ndoo. Panda kwenye mnara wa tanki, kinga maji kwenye ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 36, unapata kama lita 2,000 kwa saa. Namba hiyo iandikwe kwa maka peni kwenye mfuniko wa boksi, pamoja na tarehe, siku ileile pampu inapofungwa. Bila hiyo, miaka mitatu baadaye mtabaki kubishana tu kama maji yamepungua au la.

Wengi hawaoni maji yakipungua, maana tanki hujaa usiku wao wamelala. Wanachokiona ni uniti za umeme wa LUKU zikiisha haraka. Pampu inayokula kilowati 1.1 ikijaza lita 1,000 kwa nusu saa, inamaliza uniti 0.55. Ikitumia saa moja na dakika kumi, uniti zinafika karibu 1.3 kwa maji yaleyale.

Ndoo ikichelewa, usikimbilie dukani. Pima volti kwanza, hasa jioni umeme unapodhoofika. Kisha tega sikio kisimani. Maji yakiporomoka kurudi chini mara pampu inapozimwa, valvu ya kuzuia maji kurudi imechoka. Ukisikia mchirizi humo ndani pampu ikiwa kazini, bomba limetoboka. Na kama maji yanatoka vizuri dakika kumi, yakaanza kukohoa hewa, halafu pampu ikipumzishwa yanarudi na nguvu yake, basi kilichoshuka ni maji ya kisima. Huku kwetu Dar es Salaam malalamiko hayo huja kabla ya mvua za vuli. Kufunga pampu kubwa zaidi hapo ni kosa baya. Itavuta mchanga, na karibu na bahari itavuta chumvi. Ikizunguka bila maji itaungua, kwa kuwa maji hayohayo ndiyo yanayoipoza.

Sasa mchanga. Kinga maji kwenye jagi la kioo, yaache yatulie robo saa. Ukiona mchanga umetua chini, ujue ndio unaokula impela, zile sahani ndogo zinazosukuma maji juu. Zikilika, nafasi inapanuka na maji yanazungukia humohumo. Mota inalia vizuri, inakula umeme uleule au pungufu kidogo, lakini ndoo imefika sekunde 72. Kama valvu ni nzima, bomba halivuji, maji kisimani yapo na volti zinatosha, pampu imekwisha. Kwenye kisima safi miaka 10 si ajabu. Kwenye mchanga hata miwili ni bahati.

Breka ikikata papo hapo na kapasita ni nzima, huenda umeme unavuja chini. Fundi apime kwa mega, kile kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye waya au mota, lakini kipimo kibaya kisikununulishe mota, maana mara nyingi ni kiungo cha waya kilichoingia maji. Pampu ikishatoka, fungua kiungo, pima mota peke yake. Ikivuja yenyewe, mimi sipendi kusuka upya mota hizi ndogo zilizozibwa kiwandani. Nimeziona zikirudi mezani.

Dukani usianze kwa kutaja nguvu farasi. Taja maji yanashuka mpaka mita ngapi pampu ikivuta, mnara una urefu gani, na unahitaji lita ngapi kwa saa. Bomba likiwa bado uani, badilisha valvu na kiungo, kisha ushushe kamba yenye uzito upime kina upya. Mchanga ukiwa umejaa chini, kisima kisafishwe, au pampu mpya ining'inizwe mita kadhaa juu zaidi, mradi ibaki majini. Halafu panda tena mnarani na ndoo yako, na usisahau maka peni.