Baba, Lala Hukohuko

Sogeeni karibu, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, kwa nini mama hatulii theluji ikianguka na baba yuko barabarani?" Swali zuri hilo! Haliulizwi ila na mtoto anayemtazama mama yake vizuri. Hongera, mwanangu.

Twendeni Buffalo, mji wa jimbo la New York, Marekani. Huko wapo watoto wanaosema Kiswahili kama ninyi, wa familia zilizotoka Kongo na Burundi. Mji wao uko ukingoni mwa Ziwa Erie, upande wa mashariki.

"Mjomba, ziwa linahusikaje na theluji?"

Umewahi kufunua chungu cha maji ya moto asubuhi ya baridi? Mvuke hupanda mpaka usoni. Basi Novemba na Desemba, maji ya Ziwa Erie bado yana joto kidogo lililobaki tangu kiangazi. Upepo wa baridi kali unapita juu yake. Unabeba mvuke. Mvuke unapanda, unaganda, unakuwa theluji. Upepo unafuata urefu wa ziwa mpaka Buffalo, na hapo unamwaga mzigo wake wote.

Lakini haumwagi kila mahali. Novemba 2014, vitongoji vya kusini vilifunikwa na theluji ya zaidi ya mita moja na nusu. Kaskazini mwa mji huohuo zilianguka sentimita chache tu.

Sasa fikirini. Baba yuko kazini kaskazini. Mama yuko nyumbani kusini. Mama anapiga simu.

"Baba watoto, usitoke. Lala hukohuko."

"Mama watoto, huku jua linawaka! Na gari langu ni kubwa, magurudumu yote manne yanavuta. Nimeendesha kwenye matope tangu ujana wangu."

Je, baba anadanganya? Hadanganyi. Anasema anachokiona. Je, mama anaogopa bure? Haogopi bure. Anasema anachokiona. Ila barabara ya baba inakwenda upande wa mama.

Tumuulize tairi, maana yeye ndiye anayeikanyaga barabara.

"Mimi ni tairi," anasema. "Baba ananisifu, nami nashukuru. Tukivuta sote wanne, gari litaondoka hata penye theluji. Kuondoka tunaweza. Kusimama kunatushinda. Barafu hainipi pa kushika. Baba akikanyaga breki, mimi naacha kuzunguka, lakini gari linateleza tu. Penye barafu linaweza kuhitaji nafasi ya kusimama hata mara 10 ya ile ya penye lami kavu. Darajani ni hatari zaidi, kwa sababu baridi inapita juu na chini, barafu inawahi kuganda. Kuondoka tunaweza. Kusimama kunatushinda."

"Mjomba, si wanamwaga chumvi barabarani?"

Wanamwaga, mwanangu mwerevu, nayo huyeyusha barafu. Lakini baridi ikishuka kama nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inazidiwa.

Kisha mama anakumbuka Desemba 2022. Tarehe 23 upepo ulivuma Buffalo kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari. Hata ambulensi na magari ya zimamoto yalikwama. Watu zaidi ya 40 walikufa katika kaunti ya Erie, uliko mji huo, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Ndiyo maana mama hatulii. Mimi niko upande wake kabisa.

Lakini msimchukie baba mbishi. Mara nyingi anabisha kwa sababu anataka kulala nyumbani kwake, karibu nanyi. Na wako akina mama wabishi pia, wanaoshika usukani huku baba anawasihi.

"Sasa mama afanye nini? Ampigie simu kila dakika?"

Hapana. Simu itamtoa macho barabarani. Amuulize kabla hajawasha gari: utapita njia gani? Una blanketi, maji, tochi na koleo? Ukikwama utafanya nini? Baba akikwama, asiliache gari akatembea kwenye dhoruba. Aondoe kwanza theluji kwenye bomba la moshi, ndipo awashe injini, kama dakika 10 kila saa, dirisha likiwa wazi kidogo. Bomba likiziba, gesi ya sumu isiyo na harufu huingia ndani, na inaua.

Mkaidi hageuki kwa kelele. Maswali kama hayo humfanya afikiri. Nawe, mwanangu, una sauti ambayo baba hawezi kuibishia. Omba simu, umwambie: "Baba, lala hukohuko. Tutakula pamoja kesho."